Nani Anafua Nguo Zako? Kazi za Nyumbani na Mtu Mzima Mwenye Usonji

Mtu mzima anapoketi mbele ya mhudumu wa afya katika zahanati na hospitali zetu huulizwa mambo mengi, na yote ni ya maana. Huulizwa kinachomsumbua na tangu lini, dawa anazotumia, kama anavuta sigara, na kama katika ukoo wake kuna kisukari au shinikizo la damu. Hupimwa uzito na joto la mwili. Swali moja ni nadra kulisikia: nyumbani kwako nani anapika, nani anafua, nani anaosha vyombo, na kazi hizo zinakwendaje? Makala hii inashikilia kwamba kwa mtu mzima mwenye usonji anayeishi peke yake, swali hilo lina uzito sawa na vipimo tunavyovichukua kila siku. Tusipouliza, mtu mwenye akili nzuri na ajira yake anaweza kudhoofika nyuma ya mlango uliofungwa, na sisi tukaandika katika faili lake kwamba hana tatizo.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema maishani na kudumu maisha yote. Hugusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake, namna anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso, na namna anavyohama kutoka shughuli moja kwenda nyingine. Daktari Leo Kanner alipoandika makala yake mashuhuri nchini Marekani mwaka 1943 alieleza habari za watoto 11, na tangu hapo neno hili limeambatana na watoto katika fikra za watu. Hata kila tarehe 2 Aprili, Siku ya Kuelimisha kuhusu Usonji Duniani, picha tunazozoea kuziona ni za watoto wadogo na walimu wao. Lakini mtoto hukua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji, na hesabu hiyo inahusu watu wa umri wote. Basi wamo miongoni mwa wapangaji wa Mwananyamala na Ilemela, miongoni mwa makarani, mafundi na wanafunzi wa vyuo, na wengi wao hawajawahi kuambiwa jina la hali yao.

Neno moja, kazi tisa

Kiswahili chenyewe kinatupa njia nzuri ya kulielewa jambo hili. Tunasema "kufua" kana kwamba ni kitendo kimoja. Ukikifungua kitendo hicho utakuta ndani yake kuchambua nguo, kuteka maji, kuloweka, kufikicha, kusuuza, kukamua, kuanika, kuanua na kukunja. Hizo ni kazi tisa, na kila moja ina neno lake kwa sababu kila moja ina wakati wake na maamuzi yake. Nguo zilolowe kwa muda gani? Maji ya kusuuza yabadilishwe mara ngapi? Mawingu yale yataleta mvua au yatapita? Ugali nao, chakula tunachokiita chepesi kupika, una kubandika maji, kukoroga, kusonga, kuepua na kupakua, na ndani ya muda huohuo mboga iko kwenye jiko jingine ikitaka kuangaliwa.

Kwa watu wengi, ubongo hufunga kazi hizi ndogo katika mnyororo mmoja, na mkono huenda bila kuulizwa. Kwa watu wengi wenye usonji, kila pete ya mnyororo hubaki peke yake. Mtu anajua vizuri kwamba nguo zinatakiwa kufuliwa, anataka kuzifua, na anaweza kukueleza hatua zote kwa mpangilio ulio safi kuliko wako. Hata hivyo anaketi mbele ya beseni kwa saa nzima bila kuanza. Kujua hatua ni uwezo mmoja, na kuzianzisha, kuzipanga, kuzishika akilini na kuzimaliza ni uwezo mwingine. Huo wa pili ndio unaolegea mara kwa mara katika usonji, na akili nyingi haiufidii.

Mambo mengine hujiunga hapo. La kwanza ni uelekeo wa fikra. Mwaka 2005 Dinah Murray na wenzake walichapisha hoja kwamba fikra za mtu mwenye usonji huelekea kumiminika zote katika mkondo mmoja kwa wakati mmoja. Mtu wa namna hiyo akizama katika hesabu au ufundi wake hufanya kazi ya kustaajabisha, lakini kumtoa humo ili akageuze samaki kikaangoni ni gharama kubwa, na akishatoka, kurudi ni gharama nyingine. La pili ni hisia za mwili. Mafuta yaliyoganda kwenye sufuria, harufu ya dagaa, mlio wa kijiko kikikwangua chini ya chungu, unyevunyevu wa tambara la kudekia: kwa wengine ni kero ndogo, kwake huenda ni maumivu hasa. La tatu ni ishara za ndani. Wapo wasiotambua njaa, kiu au uchovu mpaka kizunguzungu kiwaambie, kwa hiyo kengele inayowaita wengine jikoni kwao hailii kwa wakati. La nne ni uchovu wa kutwa. Aliyeshinda kazini akijibana ili aonekane kama wenzake, akilazimisha macho kutazama macho ya watu na masikio kuvumilia kelele, hurudi jioni akiwa hana kitu kilichobaki cha kuoshea hata sahani moja.

Cheti hakisongi ugali

Hapa ndipo wahudumu wa afya, waajiri na hata ndugu wanapokosea hesabu. Tukimwona mtu ana shahada, anazungumza kwa ufasaha na halipi kodi kwa kuchelewa, tunahitimisha kwamba nyumbani kwake mambo ni shwari. Tafiti zilizofanywa kwa watu wenye usonji wasio na ulemavu wa akili zimeonyesha tena na tena kinyume chake: stadi zao za maisha ya kila siku mara nyingi ziko chini sana ya kiwango ambacho vipimo vya akili vingetufanya tukitarajie. Mhasibu anayeweza kulinganisha hesabu za kampuni nzima bila kosa la shilingi anaweza kushindwa kula mlo wa moto kwa wiki nzima.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mhasibu kama huyo, kijana wa miaka 29 aliyepanga chumba na sebule jijini. Ofisini anasifiwa. Chumbani kwake vyombo vya siku nne vimo ndani ya beseni, nguo chafu na safi zimechanganyika kitandani, na chakula chake ni mkate na soda kwa sababu havihitaji kupikwa wala kuoshewa kitu. Anakwenda zahanati akilalamikia uchovu na tumbo. Anapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, anaambiwa "ule vizuri na uzingatie usafi," kisha anaruhusiwa. Hakuna aliyemdanganya na dawa huenda zilistahili. Lakini agizo lile la mwisho, ambalo ndilo lililokuwa tiba yenyewe, alipewa katika maneno asiyoweza kuyageuza kuwa vitendo. Atarudi baada ya mwezi, au hatarudi kabisa.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya unadhifu tu. Kazi za nyumbani ndizo tabaka la kwanza la afya ya jamii. Maji yaliyohifadhiwa bila kufunikwa huzalisha mbu waenezao dengi, homa iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri; asiyekumbuka sufuria iliyo juu ya meza hukila kesho yake kikiwa kimeharibika. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Anayepoteza hesabu ya hatua zake jikoni yuko karibu zaidi na hatari hizi kuliko jirani yake, na hakuna chanjo ya kumkinga. Kinga yake ni mpangilio.

Hukumu ya uani

Katika nyumba zetu za kupanga kazi za ndani si siri. Uwanja mmoja hufagiliwa kwa zamu, choo kimoja huoshwa kwa zamu, kamba ya kuanikia ni ya wote. Anayesahau zamu yake mara tatu hupewa jina, na majina yaliyopo ni machache: mvivu, mchafu, mwenye dharau, aliyerogwa. Mtu mwenye usonji hupokea majina hayo yote bila kuwa na neno la kujibia. Baada ya muda mwenye nyumba humwambia atafute chumba kwingine, na kuhama kwa mtu anayetegemea mazoea ni kuanza upya kila kitu: bomba jipya, jiko mahali papya, sauti mpya usiku. Baada ya kuhama mara kadhaa, wapo wanaokata tamaa na kurudi kijijini wakiwa wameacha kazi nzuri. Tunapoteza mtaalamu kwa sababu ya ufagio wa zamu, na hakuna takwimu inayoiandika hasara hiyo.

Hukumu hii pia haigawanywi sawa. Mwanamume asiyeweza kujipikia hufichwa na desturi: mama atampikia, kisha dada, kisha mke, na upungufu wake hauonekani mpaka siku mama anapofariki na nyumba inapokuwa kimya. Mwanamke mwenye upungufu uleule hana pa kujificha. Huambiwa hakufundwa, hafai kuolewa, amemwaibisha mama yake. Kwa kuwa wasichana wengi wenye usonji hujifunza mapema kuiga wenzao na kujificha, utambuzi wao huchelewa zaidi kuliko wa wavulana. Basi aliyechelewa kutambuliwa ndiye anayedaiwa zaidi, na ndiye tunayemkuta kliniki akiwa na sonona au wasiwasi mkubwa tusiojua mizizi yake.

Hoja tatu za kupinga

Wapo watakaosema kwamba hakuna mtu anayependa kuosha vyombo, na kwamba tukianza kuupa uvivu jina la kitabibu hatutafika mwisho. Hoja hiyo ina jibu. Mvivu huacha kazi akapumzika, na mapumziko yakamfurahisha. Mtu tunayemzungumzia haachi. Anashindwa kuanza, na saa zile anazokaa bila kuanza humchosha na kumdhalilisha kuliko kazi yenyewe. Tena mvivu hukwepa kazi zisizompa faida, ilhali mtu huyu hushindwa hata na zile zinazomletea njaa yeye mwenyewe.

Wengine watasema kwamba katika jamii zetu mtu haishi peke yake, ndugu wapo. Ni kweli wapo, na ni hazina. Lakini ajira hupeleka watu mbali, vyumba vya mijini ni vidogo, na wazazi huzeeka. Anayetegemea mama yake kwa kila mlo atakuwa na miaka 50 siku ambayo mama hatakuwapo. Kumwandaa kuishi maisha yake hakumtengi na ukoo wake, bali kunauondolea ukoo hofu ya kesho.

Wa tatu, na hawa ni wenzetu wa kazini, watasema kwamba foleni ni ndefu, wataalamu ni wachache, na hata watoto wenye usonji hatujawafikia wote. Hili ndilo pingamizi zito zaidi, nami silibezi. Hata hivyo maswali matano hayahitaji mashine wala chumba kipya. Yanahitaji dakika 3, na huokoa ziara nyingine tano za mgonjwa yuleyule mwenye malalamiko yaleyale.

Kujitegemea si kufanya yote peke yako

Nyuma ya pingamizi hizi kuna wazo moja ambalo nadhani ndilo linalotukwaza: kwamba mtu anayejitegemea ni yule anayefanya kila kitu kwa mikono yake. Hakuna mtu wa namna hiyo. Mkurugenzi ana dereva, daktari ana msaidizi wa nyumbani, na mwanachuo hula kwa mama ntilie bila mtu kumwita mlemavu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kujitegemea ni kuwa na usemi juu ya maisha yako: kuamua ulale wapi, ule nini, nani aingie kwako na akusaidie nini. Anayemlipa dobi kila Jumamosi kwa sababu kufua kunamshinda anajitegemea kikamilifu.

Sheria nazo zinasimama upande huu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unatambua katika ibara ya 19 haki ya kuishi kwa kujitegemea na kushirikishwa katika jamii, pamoja na kupata msaada unaohitajika ili haki hiyo iwezekane. Mwaka 2010 Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo msaada wa kuendesha nyumba si hisani tunayompa mtu tukipenda.

Historia nayo ina ushahidi wake. Mtoto wa kwanza katika makala ile ya Kanner ya mwaka 1943 alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi. Mtoto huyo alikua, akafanya kazi benki, akajifunza kuendesha gari, akasafiri nchi nyingi, na baada ya wazazi wake kufariki aliendelea kuishi katika nyumba ya familia. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Familia yake ilikuwa na uwezo wa fedha, na hilo tusilifiche. Lakini waliochunguza maisha yake wamesisitiza jambo jingine pia: watu wa mji wake walimzoea, wakamlinda, wakayachukulia mazoea yake kuwa sehemu ya mji. Fedha hatuwezi kuziagiza kwa kalamu, ila uani wenye majirani wa namna hiyo tunaweza kuujenga.

Wito kwa wahudumu wa afya

Maswali ninayopendekeza ni haya. Jana ulikula nini, na nani alipika? Nguo ulizovaa zilifuliwa lini, na nani alizifua? Ni kazi gani ya nyumbani inayokushinda kuanza, na ipi inayokushinda kumaliza? Kuna harufu, sauti au mguso unaokufanya uikimbie kazi fulani? Ukiugua leo usiku, nani atajua? Yaulizwe bila kejeli na bila mshangao, kama tunavyouliza habari za choo. Mficha uchi hazai, lakini ni wajibu wetu kumfanya mtu asione haya kusema.

Jibu likionyesha shida, swali la kwanza la kitabibu ni la wakati: ilikuwa hivi tangu utotoni, au ni jambo jipya? Shida ya tangu utotoni inaendana na usonji. Lakini mtu aliyekuwa akijipikia kisha akaacha, au aliyeanza kufanya kila tendo polepole mno na kuganda katikati, anahitaji kuchunguzwa: sonona, upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, kifafa, madhara ya dawa, au hali ya kuganda kwa mwili ambayo huweza kuwapata watu wenye usonji. Tusitupe kila kitu katika kapu la usonji.

Pili, tutoe maagizo yanayotendeka. "Zingatia usafi" si agizo. "Kila Jumatano na Jumamosi, ukimaliza kuoga, mwaga maji ya ndoo, isugue ndani, jaza upya na funika" ni agizo. Liandikwe kwenye karatasi, hatua kwa hatua, kwa maandishi yanayosomeka. Tatu, tuzungumze na mgonjwa mwenyewe hata kama amesindikizwa, na tusimwite ndugu kutoa habari zake bila ridhaa yake. Nne, tutumie watu tulionao. Watoa tiba kwa vitendo wamefunzwa hasa kuichambua kazi ya kila siku na kuirekebisha ilingane na mtu. KCMC mjini Moshi imekuwa ikiwafundisha kwa miaka mingi. Pale wasipopatikana, afisa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kufika nyumbani, na ziara moja ya nyumbani huonyesha kisichoonekana katika ziara kumi za kliniki.

Neno kwa anayeishi na usonji

Nawe msomaji unayeishi na hali hii, anza kwa kupunguza kabla ya kuongeza bidii. Mwenye sahani mbili na sufuria moja hawezi kurundika vyombo ishirini. Nguo zisizohitaji pasi hufuta kazi nzima katika orodha. Vyombo vya kuhifadhia vinavyoonyesha kilichomo ndani hukukumbusha unga unaokaribia kwisha, maana kwa wengi kisichoonekana husahaulika.

Kazi usiipangie saa peke yake; ifunge kwenye jambo ambalo tayari hulikosi. Baada ya sala ya alfajiri, baada ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku, baada ya kushuka kwenye daladala na kabla hujavua viatu. Kazi iliyofungwa hivyo haihitaji uamuzi mpya kila siku. Andika hatua zake na uzibandike pale kazi inapofanyika: za kupika ukutani jikoni, za kuondoka nyumbani nyuma ya mlango, na katika hizo ya kwanza iwe kufunga mtungi wa gesi. Kengele ya simu iite mara mbili, moja ya kuanza na moja ya kuepua.

Kinachokuumiza kisikupe haya. Glavu za mpira huondoa mguso wa mafuta, barakoa hupunguza harufu, sabuni isiyo na manukato ipo madukani. Kula chakula kilekile kila siku si dhambi. Kama ni wali na maharage, ongeza mchicha au tunda na uendelee. Wengi huona kazi inaanza kirahisi mtu mwingine akiwapo hata kama hasaidii kitu: jirani akifua uani, nawe toa beseni lako wakati huohuo. Katika siku za uchovu mkubwa yatimize manne tu, yaani maji ya kunywa, chakula chochote salama, dawa zako na usalama wa jiko. Mengine yasubiri. Na zamu ya choo ikikushinda, zungumza na wapangaji wenzako mapema na mbadilishane: wewe lipia sabuni au simamia hesabu za maji na umeme, wao waoshe. Makubaliano hukubalika kirahisi yakitangulia ugomvi.

Wazazi na walezi wasingoje utu uzima. Njia moja iliyothibitika kufaa ni kufundisha kazi kuanzia mwisho wake. Mama anafua mpaka kuanika, mtoto anaanua na kukunja, akizoea, aongezewe kuanika, kisha kusuuza. Kila siku mtoto humaliza kazi, naye huonja utamu wa kumaliza badala ya aibu ya kuachia njiani. Wafundishwe wote, wavulana kwa wasichana, maana beseni halijui jinsia.

Tumezoea kuupima uwezo wa mtu kwa cheti, mshahara na usemi wake. Kwa mtu mzima mwenye usonji vipimo hivyo vinaweza kutudanganya, kwa kuwa kamba hukatikia pembamba, na kwake pembamba ni pale penye beseni na jiko. Hatuhitaji kusubiri bajeti mpya ili tuanze kupaangalia. Mgonjwa mtu mzima atakayefuata, awe na jina la usonji katika faili lake au asiwe nalo, aulizwe jana alikula nini na nani alipika. Kisha tusubiri jibu lake mpaka alimalize.